MAJI YAKO YANA SHIDA GANI, MAMA?

(Muziki wa kipindi. Unashushwa polepole.)

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako. Tunachoomba ni sikio tu.

Leo tunazungumza juu ya maji ambayo tayari yako ndani ya nyumba yako. Umeshakwenda kuyateka, umeyabeba kichwani au umemlipa mwenye punda, umeyamimina kwenye chungu. Sasa unayatazama na huyapendi. Yana tope. Au yana rangi ya kijani. Au uliyatia dawa na mtoto anayakataa kwa sababu yananuka. Au jana yalikuwa mazuri na leo yanateleza kama mlenda. Ufanye nini?

Huku kwetu Migori na Homa Bay hatuna haki ya kusema maji hayapo. Ziwa liko, Mto Kuja uko, Mto Migori uko, silanga ziko, na mvua ya Machi hadi Mei inapiga mabati yetu mpaka hatusikilizani. Lakini kipindupindu kilitupiga mwaka 1997, kikarudi 2008, kikarudi tena 2015. Na hata miaka ambayo hakuna kipindupindu, kuhara kwa kawaida kunaendelea kuchukua watoto wadogo, kimyakimya, bila kutangazwa redioni.

Kosa ninaloliona sana katika nyumba zetu ni kutumia dawa moja kwa kila shida ya maji. Mama ana chupa ya klorini, basi anaitia kwenye maji ya tope, kwenye maji ya kijani, kwenye maji yenye chumvi, halafu inaposhindwa anasema dawa ni bure. Dawa si bure. Ila maji hayo yalitaka kitu kingine kwanza.

Tuanze na tope, maana hilo ndilo letu hasa.

Mvua ikinyesha kule juu Kisii, Mto Kuja unashuka huku Nyatike ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Silanga nazo, ng'ombe wakiingia kunywa, zinageuka uji. Ukichukua maji hayo na kuyatia klorini moja kwa moja, dawa inaanza kupigana na tope lenyewe. Majani yaliyooza, mbolea ya ng'ombe, uchafu wote huo unakula klorini. Dawa inakwisha kabla haijawafikia vijidudu. Na vijidudu vingine vinajificha ndani ya chembe za udongo kama mtu aliyejifunika blanketi. Wewe unadhani umetibu maji, kumbe umelisha tope.

Kwa hiyo maji ya tope yanasafishwa kwanza, ndipo yanatiwa dawa. Fanya hivi. Jioni, mimina maji kwenye ndoo au sufuria kubwa, funika, uyaache yatulie usiku kucha. Usiyaguse. Asubuhi utaona udongo umekaa chini. Inamisha ndoo polepole sana, umimine maji ya juu kwenye chombo kingine safi, na uachie ule uji wa chini. Ukimimina, pitisha maji kwenye kitambaa safi cha pamba. Leso kuukuu inafaa sana, ila iwe imefuliwa, na uikunje mara kadhaa. Kule Bangladesh akina mama walifundishwa kuchuja maji ya mto kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara nne, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2003 yalionyesha kuwa wagonjwa wa kipindupindu walipungua karibu nusu katika vijiji hivyo. Sababu ni kwamba vijidudu vya kipindupindu hupenda kushikamana na wadudu wadogo mno wanaoogelea majini, na kitambaa huwakamata wadudu hao. Lakini sikia vizuri: nusu si wote. Kitambaa ni msaidizi tu, na dawa bado inahitajika.

Kuna maji mengine ambayo hata ukiyaacha usiku mzima yanabaki na ukungu. Hapo ndipo wazee wetu walitumia shabu. Unalizungusha jiwe la shabu ndani ya maji kwa muda mfupi, unaona udongo unaanza kushikana mabonge na kuzama. Si jambo baya. Usizidishe tu, maana maji yatakuwa na ladha ya kukaza ulimi, na usidhani kwamba shabu imeua vijidudu. Maji yakishakuwa maangavu bado yanahitaji kuchemshwa au kutiwa klorini.

Pia zipo pakiti za unga zinazofanya kazi zote mbili, kuzamisha tope na kuua vijidudu. Zamani tulizijua kwa jina la PUR. Pakiti moja ni ya lita 10. Unamimina unga, unakoroga kwa nguvu dakika 5, unaacha dakika 5 tope lizame, unachuja kwa kitambaa cha pamba ambacho hakina tundu, halafu unasubiri dakika 20 kabla ya kunywa. Lile tope linalobaki lina dawa, kwa hiyo ulitupe chooni, mbali na watoto na kuku. Pakiti hizi zilijaribiwa hapa Nyanza, kwenye maboma yanayokunywa maji ya tope, na taarifa ikachapishwa mwaka 2005: watoto wa chini ya miaka 2 walihara kidogo zaidi, pungufu kwa kama robo. Ukizipata, zihifadhi kwa msimu wa mvua. Kuzitumia kwenye maji ya mvua ambayo tayari ni maangavu ni kupoteza.

Utajuaje kwamba maji yameshakuwa maangavu ya kutosha? Chukua chupa ya plastiki isiyo na rangi, ijaze maji, isimamishe juu ya gazeti kuukuu. Tazama kutoka juu, kupitia mdomo wa chupa. Ukiweza kusoma vichwa vya habari vilivyo chini ya chupa, endelea na dawa. Usipoweza, yaache yatulie tena. Kama hujui kusoma, mwite mtoto wa shule, naye atajifunza kitu.

(Muziki mfupi.)

Sasa tuje kwenye harufu. Hapa ndipo akina mama wengi wanapoacha dawa.

Chupa za WaterGuard zilianza kuuzwa Kenya mwaka 2003. Kabla ya hapo, wengine wenu mnakumbuka, Homa Bay tulikuwa na chupa iliyoitwa Klorin. Siku hizi kuna vidonge pia, kama Aquatabs, na kwenye visima vingine utakuta tangi dogo la klorini limefungwa kwenye nguzo, unazungusha mfereji mara moja dawa inaingia kwenye mtungi wako. Zote ni klorini. Kwa dawa ya maji ya chupa, kipimo tulichozoea ni kifuniko kimoja kwa mtungi wa lita 20 wa maji maangavu, na vifuniko viwili kama maji yana ukungu. Tikisa, subiri dakika 30. Lakini chupa na vidonge vinatofautiana nguvu, kwa hiyo soma maelezo kila unaponunua mpya. Kidonge cha lita 20 ukikitia kwenye jagi la lita 2, hayo si maji tena.

Baada ya dakika 30, nusa. Harufu kidogo, nyepesi, ni habari njema. Maana yake dawa imemaliza kazi na nyingine imebaki kulinda maji yako mpaka kesho. Ukinusa na husikii chochote kabisa, wasiwasi uanze hapo. Maji yalikuwa machafu yakala dawa yote, au chupa yako ya dawa imekaa juani au imepita tarehe yake. Rudia kipimo mara moja, subiri tena dakika 30, nusa tena. Ikiwa bado kimya, badilisha dawa au uchemshe.

Na kama harufu ni kali, inapanda puani? Huenda ulizidisha. Mimina maji kutoka chombo safi hadi chombo kingine safi mara kadhaa, au uyaache saa chache yamefunikwa kwa kitambaa safi chepesi. Harufu itapungua. Kwenye chungu cha udongo harufu hupungua upesi zaidi, ndiyo sababu nyanya wengi wanasema maji ya dawa ya kwenye chungu ni matamu kuliko ya plastiki. Wana haki.

Watu waliofanya kazi kwenye hoteli zenye bwawa la kuogelea watakuambia jambo linaloshangaza. Bwawa linalonuka sana klorini mara nyingi ni lile ambalo klorini imepungua, kwa sababu dawa imechanganyika na jasho na mkojo wa waogeleaji, na mchanganyiko huo ndio unaochoma macho. Ukiona harufu mbaya, kali, isiyo ya kawaida kwenye maji ya nyumbani hata baada ya kipimo sahihi, fikiria hivyo hivyo: pengine maji yana uchafu mwingi. Rudi kwenye kutuliza na kuchuja.

Na kwa kuwa nimetaja mabwawa: ile klorini ya unga au chembechembe inayouzwa kwa ajili ya mabwawa ya kuogelea, usiilete kwenye chungu chako. Ni kali mno, na kijiko kidogo kinaweza kumuunguza mtoto koo. Vilevile Jik ya kufulia, hasa yenye manukato. Mtu akikuuzia dawa ya maji iliyopakuliwa kwenye chupa ya soda isiyo na karatasi, mrudishie chupa yake.

Kuna maneno mengine yanayozunguka sokoni, kwamba klorini inafunga uzazi, kwamba ni mpango wa kuwazuia watu wasizae. Mama, watu wa Nairobi, Mombasa na Kisumu wamekunywa maji ya mfereji yaliyotiwa klorini miaka mingi kuliko umri wako na wangu, nao wanazaa kila siku. Mwanamke mjamzito anaweza kuyanywa. Kwa kweli anayahitaji zaidi.

Mwingine anayeyahitaji zaidi ni mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI. Jirani zetu wa Tororo, Uganda, walifuatilia nyumba zenye watu hao. Waliopewa klorini na chombo kizuri cha kuhifadhia maji walipata visa vya kuhara pungufu kwa robo. Dawa ya ARV inamezwa kwa maji. Maji hayo nayo yawe salama.

Usiye na klorini, chemsha. Yakianza kutokota kwa nguvu kabisa, hesabu dakika moja, uondoe. Huna haja ya kuchoma kuni nusu saa. Funika yapoe ndani ya sufuria ile ile. Usiye na kuni wala klorini, lakini una jua, chukua chupa za plastiki zisizo na rangi, za lita moja au mbili, ujaze maji maangavu, uzilaze juu ya bati kuanzia asubuhi kwa saa 6 za jua kali. Kukiwa na mawingu mengi, siku mbili. Siku ya mvua njia hii haifai.

(Muziki mfupi.)

Shida ya tatu: maji yalikuwa mazuri, yakaharibikia nyumbani.

Hii inauma, kwa sababu umefanya kila kitu. Umetuliza, umechuja, umetia dawa. Halafu mtoto ametoka kucheza na mbuzi, akatumbukiza kikombe ndani ya chungu pamoja na vidole vyake vyote vitano. Jirani akaja, akateka kwa kikombe hicho hicho. Jioni maji hayo hayatofautiani sana na ya silanga.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa maji salama wa CARE ulipoanza Homa Bay, wataalamu walileta ndoo nzuri za plastiki zenye mfuniko na mfereji. Akina mama walizisifu, kisha wakarudi kwenye agulu zao. Maji ya agulu ni baridi, na chungu kinatengenezwa hapa hapa. Badala ya kugombana na akina mama, watu wa mradi walikwenda kwa wafinyanzi, wakiwemo wanawake wa Oriang. Wakafinyanga chungu kipya: mdomo mwembamba ambao mkono hauingii, kifuniko, na mfereji chini. Maji yalipopimwa, klorini ilifanya kazi kwenye chungu na kwenye plastiki pia. Mimi nasema huo ndio ufundi wa kweli, wa kuuliza kwanza mama anapenda nini.

Kama huwezi kupata chungu chenye mfereji, tumia mtungi wa plastiki wa lita 20 wenye mdomo mdogo, ambao unamimina bila kutumbukiza kitu. Na kama una chungu cha zamani cha mdomo mpana tu, basi funika kwa sahani, na uwe na kata moja yenye mpini mrefu, inayoning'inia ukutani, ambayo haiwekwi chini na hainywewi. Unateka kwa kata, unamimina kwenye kikombe. Maji ya dawa yaliyo kwenye chungu yatumie ndani ya siku moja, kwa sababu udongo hunyonya klorini.

Ule utelezi unaouona ndani ya mtungi, wa kijani au wa kahawia, ni makazi ya vijidudu. Tia mchanga safi au changarawe kidogo, sabuni na maji, utikise mpaka utoke. Suuza, halafu suuza tena kwa maji yenye klorini. Fanya hivyo kila wiki. Mtungi uliobeba dawa ya kunyunyizia mimea au mafuta ya taa haufai kwa maji ya kunywa hata uoshwe vipi.

Na hapo hapo nitaje matanga. Kipindupindu cha 1997 kilipochunguzwa huku magharibi mwa Kenya, walioonekana kuwa hatarini zaidi ni waliokunywa maji ya Ziwa Victoria au ya kijito, waliokula pamoja na mgonjwa wa kuhara, na waliohudhuria karamu za mazishi. Hatuwezi kuacha kuzikana. Lakini mnapoleta mapipa ya maji kwenye boma la msiba, mtu mmoja apewe kazi ya kutia dawa kila pipa na kulifunika, na mwingine asimamie maji ya kunawa na sabuni kabla chakula hakijapakuliwa. Mpeni kazi hiyo mtu anayesikilizwa, shemeji mwenye sauti kubwa ikiwezekana.

Sasa kuna shida mbili ambazo klorini haiziwezi na kuchemsha hakuziwezi. Nataka mnisikilize hapa, hasa mlio ufuoni na mlio karibu na machimbo ya dhahabu.

Ya kwanza ni maji ya kijani ya ziwani. Wakati mwingine, hasa ndani ya ghuba ambako maji hayatembei sana, ziwa linakuwa kama mtu amemwaga rangi ya kijani juu yake, na upepo unalisukuma povu hilo mpaka ufuoni. Huo si uchafu wa kawaida. Ni viumbe vidogo mno, na vingine hutoa sumu inayodhuru ini. Ukiyachemsha maji hayo, viumbe hivyo vinakufa na kupasuka, na sumu inabaki ndani ya maji, haivunjiki kwa moto wa jikoni. Mnyama akinywa anaweza kufa. Siku ziwa liko hivyo, usiteke hapo ufuoni. Tumia maji ya mvua, ya kisima au ya mfereji. Watoto wasioge wala kuogelea humo, na mtoto aliyerukiwa na povu hilo mwoshe kwa maji mengine.

Ya pili ni zebaki, ule umajimaji mzito kama fedha unaotumiwa kukamata dhahabu kule Macalder, Osiri, Masara na kwingineko Migori. Kijito kinachopita chini ya mahali ambapo udongo wa dhahabu unasafishwa kinaweza kuwa na maji maangavu kabisa, matamu, yasiyo na harufu, na bado yana zebaki. Zebaki haichemki ikaisha kwenye sufuria ya chai, wala klorini haiigusi. Inamwumiza hasa mtoto aliye tumboni, katika ubongo wake unaokua. Teka maji upande wa juu wa machimbo, usiteke upande wa chini. Usifue nguo za machimboni pamoja na nguo za mtoto. Na usikubali mtu yeyote achome dhahabu yenye zebaki ndani ya jiko lako au kwenye sufuria unayopikia, hata kama ni mume wako na hata kama anasema ni dakika tano tu. Moshi wake hauonekani, na mtoto mgongoni anauvuta.

Nyingine nitazipitia haraka. Maji ya kisima yenye rangi nyekundu, yanayotia nguo na uji doa, kwa kawaida ni chuma. Yaache usiku kwenye ndoo pana iliyofunikwa kwa kitambaa chepesi, wekundu utazama, uchuje asubuhi ndipo utie dawa. Maji yenye chumvi, ambayo sabuni haitoi povu, hayatibiki kirahisi nyumbani. Fulia hayo, na ya mvua uweke ya kunywa. Maji ya mvua nayo yanataka adabu: mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ioshe bati, kwa sababu ndege na mijusi wamekuwa huko juu miezi mitatu. Funika tangi kwa wavu au kitambaa kikaze. Ukiona viluwiluwi vinacheza ndani, ujue mbu ametaga, na tangi lako limeanza kufuga mbu.

Sasa maji ya kuoga. Wengi wanadhani maji ya kuoga hayana hatari kwa kuwa hayamezwi. Kando ya ziwa, kuanzia Muhuru Bay na Karungu hadi Mbita, Rusinga na Kendu Bay, kuna kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono, huogelea majini, na huingia kupitia ngozi ya mtoto ndani ya dakika chache, bila yeye kusikia kitu. Habari njema ni kwamba vijidudu hivyo havina maisha marefu. Ukiteka maji ya ziwa, ukayachuja konokono wasiingie, ukayaacha kwenye pipa lililofunikwa siku mbili kamili, vinakuwa vimekufa. Ukiwa na haraka, yapashe yachemke, yapoe, mwogeshe. Kwa hiyo mapipa mawili yanasaidia: moja linapumzika, moja linatumika.

Mtoto mwenye tumbo linaloumauma, damu kwenye choo, anayechoka shuleni, mpeleke apimwe kichocho. Dawa ya praziquantel ipo. Zamani wadogo kabisa walisahauliwa kwa sababu kidonge ni kikubwa na kichungu, lakini dawa mpya ya watoto wa kuanzia miezi 3, iliyojaribiwa Kenya na Côte d'Ivoire, ilipata maoni chanya ya wakala wa dawa wa Ulaya mwezi Desemba 2023. Muulize muuguzi wako kama imefika kwenye kituo chenu.

Mwisho, mtoto akianza kuhara hata baada ya juhudi zote hizi. Usimnyime maji, na usimnyime chakula wala ziwa. Changanya pakiti ya ORS kwa maji yaliyotibiwa. Pakiti nyingine ni ya nusu lita na nyingine ya lita nzima, kwa hiyo tazama imeandikwaje. Kama huna pakiti, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Onja: isiwe na chumvi kuliko machozi. Mnyweshe kidogo kidogo, kila akienda choo. Akitapika, subiri dakika 10, uanze tena polepole. Omba vidonge vya zinki kituoni, vinamezwa siku 10 hadi 14: kidonge kizima cha miligramu 20 kwa siku, nusu kidonge kwa mtoto wa chini ya miezi 6. Usiache kwa sababu choo kimekuwa kigumu siku ya tatu.

Macho yakizama, akishindwa kunyonya au kunywa, akilegea na kulala ovyo, choo kikiwa na damu, au kikitoka kama maji ya mchele, usingoje asubuhi. Panda boda boda, nenda, na umnyweshe ORS njiani. Mweleze mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu pia, ili ajue kama kuna mwingine.

Tunaulizwa mara nyingi: je, mtoto wa miezi 2 apewe maji yapi? Hakuna. Mpaka atimize miezi 6, maziwa ya mama yana maji yote anayohitaji, hata wakati wa joto la Januari. Maji haya yote tuliyoyazungumzia ni ya kunywa wewe, mama, ili maziwa yatoke. Kunywa kikombe kizima kila unapokaa kumnyonyesha.

Juma lijalo, saa hizi hizi, tutazungumza juu ya kumlisha mtoto anayepona. Kwaherini.

(Muziki wa kipindi.)